Rébecca Kasika wa Kipese, Aliyewaendea Waliobaki

Alizaliwa Kipese, juu katika vilima vya baridi vya Lubero, tarehe 3 Februari 1958, binti wa Luc Syauswa, seremala, na Élise Kahongya, mkulima wa maharagwe na viazi. Alibatizwa siku ya nane akapewa jina la Rébecca. Kwa miaka minne ya kwanza alikuwa mtoto kama watoto wengine wa kilima kile: alikimbiza kuku, akaanguka, akainuka. Mwaka 1962, majira ya kupanda viazi, alishikwa na homa kali iliyodumu siku sita. Siku ya saba homa ikaondoka na nguvu za miguu yote miwili zikaondoka nayo. Mama yake alimsimamisha sakafuni mara tatu, na mara tatu mtoto akakunjamana kama nguo. Mara ya nne Élise hakumsimamisha tena. Alimfunga mgongoni, akaenda naye shambani, kwa sababu maharagwe yalikuwa yanangoja palizi.

Watu walisema mengi. Wengine walisema ni laana ya ukoo, wengine wakashauri apelekwe kwa waganga wa bondeni. Jirani mmoja alimwambia baba waziwazi, "Luc, uyu mutoto hapana faida. Unamulisha bure." Syauswa aliendelea kupiga randa, kisha akajibu bila kuinua kichwa, "Anakula kwangu, hapana kwako." Wazee wa Kipese wanakumbuka kwamba tangu siku ile hakuna aliyelileta tena neno hilo mlangoni pake.

Syauswa alikuwa fundi wa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili ambacho vijana wa milimani hushuka nacho wakiwa na magunia ya viazi. Rébecca alikulia chini ya meza ya baba yake, katikati ya maranda. Alijifunza kujua mti kwa harufu, kunoa patasi, kutoboa ekseli bila kupasua ubao. Alipofika miaka tisa, baba alimweka juu ya chukudu mpya, akamsukuma mpaka Lubero kwenye shule ya misheni, akamwacha kwa shangazi. Jina la mwalimu wake wa kwanza halikutufikia, nasi tunasikitika, kwa maana alifanya jambo moja linalostahili shukrani: alipoona mtoto huyu hafiki ubaoni, aliung'oa ubao ukutani akauweka chini, na mwaka mzima darasa lote likasoma kwa kuinamisha vichwa. Rébecca alimwombea mwalimu huyo kila siku mpaka kufa.

Mwaka 1976, akiwa na miaka kumi na minane, alijisikia kuitwa. Alitaka kuwa mtawa. Alikwenda kwenye nyumba ya shirika moja, akitambaa kutoka njia kuu kwa mikono, amevaa gauni lake jeupe ambalo lilifika limejaa matope. Mama Mkuu alimpokea kwa upole, akamnywesha chai, akamweleza kwamba kanuni yao ilidai msichana mwenye afya ya kufanya kazi zote za nyumba. Rébecca alishukuru kwa ajili ya chai. Alirudi Lubero, na kwa majuma matatu hakugusa rozari yake. Hatufichi jambo hili, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha. Alikuwa akisema, "Nilikuwa nimemukasirikia Mungu, na nilikuwa najua ananisikia."

Paroko wa Lubero wakati huo alikuwa Padri Ézéchiel Muyisa, bado kijana, mtu wa maneno machache. Alimwita akamwuliza, "Rébecca, ulikuwa unamutafuta Bwana, ao ulikuwa unatafuta nyumba ya masista?"

"Sijue, Padri."

"Basi rudia kwenu, ukajue."

Alirudi Kipese, akaketi tena katika karakana ya baba yake. Katika miezi ile kijana jirani, Ananie Vagheni, aliangukiwa na mti msituni, akakatwa mguu wa kuume juu ya goti. Alilala ndani akitazama ukuta. Rébecca hakwenda kumfariji. Alimwomba mama wa kijana kipimo cha kutoka kwapani hadi chini, akachonga magongo mawili ya mti mgumu, akayafunika mpira wa gurudumu mahali pa kwapa, akayapeleka akiyaburuta nyuma yake. Jumapili ya pili Ananie aliingia kanisani akiwa amesimama. Jumatatu Rébecca alimwandikia Padri Muyisa barua ya mstari mmoja: "Sasa ninajua." Kuanzia hapo hakuolewa wala hakuingia nyumba yoyote ya kitawa. Mbele ya padri huyo, mwaka 1978, aliahidi kwa faragha kumtumikia Bwana katika wale wasioweza kutembea.

Mwaka 1979 alihamia Butembo, akapewa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Ananie alimfuata kuwa fundi wake wa kwanza. Alianza na magongo, akaendelea na viatu vyenye vyuma vya kushika mguu, na mwaka 1984, kwa kuunganisha baiskeli mbili zilizokufa, akatengeneza baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono. Siku alipoipanda mara ya kwanza alikwenda mpaka sokoni na kurudi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda mahali bila kubebwa na bila kugusa udongo. Alisema baadaye kwamba njiani hakuweza kusali kwa sababu alikuwa anacheka.

Kazi ile ilikua kupita matarajio ya kila mtu. Kufikia mwaka 1996 karakana ya Rébecca ilikuwa na mafundi thelathini na wanne, na kati yao ishirini na tisa hawakuweza kutembea bila msaada. Wafanyabiashara waliagiza kwake vitanda na milango, kwa kuwa hapakuwa na useremala bora mjini; na kwa kazi hiyo wale wasio na chochote walipata magongo na baiskeli zao bure. Watu waliokuwa wakiketi mlangoni pa kanisa wakinyoosha mikono walijenga nyumba, wakaoa, wakasomesha watoto. Mwanamke mmoja kipofu wa jicho moja na kiwete wa mguu akawa msimamizi wa ghala. Rébecca aliwadai mafundi wake sana. Kiti kilichoyumba alikirudisha mara tatu. Alisema, "Mutu akiona kazi mubaya, atasema ni kilema aliifanya. Akiona kazi muzuri, atauliza bei."

Ndipo vita vikaja. Mnamo Novemba 1996 askari waliokuwa wakirudi nyuma walipita Butembo, wakaingia karakana. Walichukua misumeno, minyororo, matairi, hata randa ya marehemu Syauswa. Baiskeli kumi na moja zilizokuwa tayari walizipanda wakicheka, na zilipowachosha wakazitupa mtoni. Rébecca aliketi siku mbili juu ya mbao zilizovunjika. Mafundi walimletea ugali, hakula. Siku ya tatu aliingia mzee mmoja aliyevunjika nyonga, akibebwa na wanawe, akauliza kama hapa ndipo wanapotengeneza magongo. Ananie alitaka kumwambia hakuna kitu tena. Rébecca aliangaza macho huku na huku, akaona kipande cha msumeno kisicho na mpini. Akakizungushia kitambaa chake cha kichwa, akakishika. "Lete ule ubao," akasema. Kwa miezi mitano walifanya kazi hivyo, na baada ya mwaka mmoja karakana ilikuwa imesimama tena. Alipoulizwa aliipata wapi nguvu hiyo, alijibu kwamba alimshukuru Mungu kwa ajili ya yule mzee, kwani asingekuja yeye, angeendelea kukaa pale.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa hilo zaidi watu wa Butembo na Beni wanamkumbuka. Mwishoni mwa mwaka 2002, vita vya pili vilipokuwa vimechosha nchi, mapigano yalizuka upande wa msitu, magharibi ya Mangina. Maelfu ya watu walishuka njiani kuelekea Beni, na magodoro na sufuria vichwani, wakajaza shule na makanisa. Januari 2003 Rébecca alipanda lori kutoka Butembo pamoja na baiskeli nane na mafundi saba, Ananie akiwa mmoja wao, ili kuwahudumia waliojeruhiwa. Alipokelewa na Padri Muyisa, ambaye sasa nywele zake zilikuwa nyeupe na alikuwa akihudumu Beni.

Siku ya pili alikuwa anampima mama mmoja kijana aliyeumia kifundo cha mguu. Alimwuliza kama jamaa zake wote wamefika. Mama yule alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba alimwacha mama yake nyumbani. Mama yake hatembei. Alimwekea maji na ndizi karibu na kitanda, akafunga mlango. "Nilikuwa na batoto batatu wa kubeba," akasema. "Siku ine sasa."

Rébecca aliweka chini kipimo chake. Kisha akauliza, "Na wengine benye balibaki kama mama yako, unabajua?"

Tangu saa ile aliacha kupima miguu. Alizunguka katika shule ile, toka chumba hadi chumba, akiuliza kila familia swali lilelile: nani wenu amebaki kwa sababu hatembei? Jioni alikuwa na majina tisa katika daftari, yote ya kijiji kimoja na pembezoni mwake, safari ya siku moja kupita Mangina. Alimpelekea Padri Muyisa lile daftari na kumwambia kwamba asubuhi wanaondoka.

Padri alisoma majina polepole. "Rébecca, muko banane, na hata mumoja wenu hawezi kukimbia."

"Njo maana tutaenda sisi, Padri. Mwenye anakimbia, banasema ni muspion, mupelelezi, banamupiga risasi. Sisi, nani atatuogopa?"

"Na wakikuua?"

"Basi utakuwa na majina kumi na saba ya kuombea." Alisema hivyo bila mzaha. Padri aliwabariki mmoja mmoja.

Waliondoka wakienda kinyume cha mkondo wa wakimbizi. Watu waliwapungia mikono warudi. Kupita Mangina njia ilibaki tupu, na mchana walikuta kizuizi: gogo limelazwa barabarani, askari kumi na wawili, na kamanda ameketi kwenye kiti cha plastiki. Askari waliangua kicheko walipoona msafara ule. Kamanda aliuliza, "Ninyi bilema, munaenda wapi? Batu bote banatoka kule."

Rébecca akajibu, "Benye miguu balishapita. Tunakuja kubeba benye hawana."

Kamanda hakucheka. Alimwamuru ashuke. Hapa lazima tueleze kwamba kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu nje ya chumba chake aliyemwona Rébecca akitambaa. Jambo hilo lilikuwa heshima yake, na labda, kama alivyosema mwenyewe, lilikuwa pia kiburi chake. Alishuka. Kamanda alimwambia azunguke gogo lile apate kuona kama kweli miguu imekufa au ni ujanja wa maadui. Alitambaa kwenye matope, mbele ya macho ya vijana wenye bunduki, akazunguka gogo, akarudi mahali pake. Ananie alilia kwa hasira. Rébecca aliuona uso wa kamanda ukigeukia pembeni, na alituambia kwamba wakati ule moyo wake ulikuwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo aliokuwa hajui anaubeba.

"Mupite," kamanda akasema. "Kesho kutwa, jua likifika juu ya kichwa, nafunga hii njia. Mwenye atakuja nyuma ya pale, tutapiga."

Walifika kijijini jioni ileile. Palikuwa kimya, mbuzi tu wakitembea katika nyumba za watu. Walipita mlango kwa mlango na daftari lao. Kati ya tisa, wawili walikuwa wamekwisha kufa, na watu hawa wanane wasio na miguu walichimba kaburi kwa jembe moja, wakipokezana, wakiwa wameketi. Kazi hiyo iliwachukua siku yote ya pili. Baadhi walisema waache, muda unapita. Rébecca alikataa, akasema wale wawili nao walikuwa wameitwa kwa majina. Saba walikuwa hai, na katika kibanda cha mwisho walikuta mtu wa nane ambaye hakuandikwa na yeyote, mzee asiye na jamaa, aliyekuwa akila majani ya mihogo mabichi.

Yule bibi wa kwanza, mama wa mwanamke kijana wa Beni, jina lake Abigaïl, aligoma kupanda. "Mimi ni muprotestanti," akasema. "Mubebe kwanza batu benu."

"Mama, kinga hii, baiskeli hii, hapana jua dini," Rébecca akamjibu. "Inajua tu uzito, na wewe uko mwepesi."

Asubuhi ya siku ya tatu waliondoka, kila baiskeli na abiria mmoja nyuma. Lakini kwenye mlima wa kwanza mnyororo wa Ananie ulikatika, na hapakuwa na namna ya kuutengeneza. Abiria wake alihamishiwa kwenye baiskeli ya Rébecca, iliyokuwa tayari imembeba Abigaïl, na Ananie akajisukuma kwa magongo yake. Baiskeli ikawa na uzito wa watu watatu na haikupanda. Rébecca alishuka. Akamkabidhi Abigaïl mpini wa kuzungusha, akamfundisha kwa maneno matatu, akajifunga vipande vya tairi viganjani, akashika njia kwa mikono. Walitembea hivyo karibu kilomita tano. Kila walipofika kwenye mlima aliisukuma baiskeli kwa bega kutoka nyuma, na bibi Abigaïl, aliyekuwa na miaka sabini na minne na hajawahi kuendesha kitu chochote, alizungusha huku akiimba nyimbo za kanisa lake.

Mvua iliwachelewesha. Walipokiona kizuizi, wote walijua kwamba wamechelewa sana. Kwa hesabu ya Ananie ilikuwa yapata saa tisa alasiri. Askari walikuwa wamejipanga na bunduki zimeelekezwa njiani. Lakini tangu alfajiri mawingu mazito yalikuwa yamefunika anga lote, kutoka msitu hadi milima, na hakuna aliyeliona jua hata dakika moja. Kamanda alisimama. Alitazama msafara, akamtazama Rébecca aliyekuwa chini, damu ikimtoka viganjani. Kisha akainua macho juu na kuyaacha huko kwa muda mrefu.

"Jua leo hatukuliona," akawaambia askari wake. "Muinue gogo."

Ananie Vagheni, ambaye bado yu hai na ametueleza haya kwa kiapo, anasema alikiona kitu kimoja zaidi: kamanda yule alikuwa na saa mkononi, na kabla ya kusema maneno hayo aliushusha mkono wa shati lake akaifunika saa hiyo. Wengine wanaita muujiza yale mawingu. Ananie anaita muujiza ule mkono wa shati. Sisi tunamshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Waliingia Beni siku iliyofuata. Yule mama kijana aliposikia sauti ya mama yake ikiimba barabarani hakukimbia kumpokea. Aliketi chini pale pale, akafunika uso. Abigaïl ndiye aliyeteremshwa karibu naye, akamwekea mkono kichwani, akamwambia, "Ulifanya vizuri. Ulibeba batoto." Wote wanane waliishi mpaka vita vilipokwisha. Rébecca hakuweza kushika patasi kwa miezi miwili. Katika muda huo, mafundi wanashuhudia, aliketi mlangoni pa karakana akiwatazama wakifanya kazi, na kila alipopita mtu akimpa pole alijibu, "Hapana pole. Sema asante pamoja na mimi."

Aliishi miaka miwili zaidi. Kifua chake hakikupona baridi ya njia ile. Tarehe 11 Juni 2005 Padri Muyisa alifika kutoka Beni kumpa sakramenti za wagonjwa. Alimkuta ametulia, akimweleza Ananie jinsi ya kupunguza gongo la mtoto mmoja wa Lubero lililokuwa refu mno. Baada ya komunyo alifumba macho, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Padri, nilitembea mingi." Hakusema tena. Alikuwa na miaka arobaini na saba.

Kanisa peke yake lina mamlaka ya kutangaza watakatifu wake, nasi hatutaki kulitangulia. Tunaandika yale tu tuliyoyapokea kwa walioona na kusikia. Kati ya hayo lipo la mama mmoja wa Butembo, aliyepooza miguu tangu utoto, ambaye mwaka 2007 alishikwa na uchungu wa kuzaa siku tatu. Mumewe alikwenda kupiga magoti kaburini kwa Rébecca, akaomba kwa jina lake. Aliporudi alikuta binti amezaliwa, na mama anakunywa uji. Mtoto huyo anaitwa Kasika.

Basi ninyi mnaosoma, msifikiri kwamba maisha haya yaliandikwa kwa ajili ya wenye ulemavu tu. Rébecca hakungoja apate miguu ndipo aanze kwenda. Alitazama kile alichobaki nacho, mikono miwili na ufundi wa baba yake, akamshukuru Mungu kwa hicho, akakitumia chote. Atakayeanza kwa kuhesabu alichopewa na kukitoa bila kukibania, huyo anamfuata.

Karakana yake bado inafanya kazi. Nilifika pale Jumamosi moja, wanapokabidhi baiskeli zilizokamilika, nikaona mama wa makamo, mkulima, akipandishwa kwenye ya kwake. Alizunguka ua wa kanisa mara moja, polepole, kisha mara ya pili. Tulidhani angesimama apokee baraka, maana padri alikuwa tayari na maji ya baraka mkononi. Alitupita akaanza mara ya tatu, kilemba kimelegea, meno nje. Padri alishusha chombo cha maji. Tulimngoja.